Je, kuna msaada wa serikali kwa mfanyabiashara raia aliyekwamishwa na msako wa uhamiaji? (Machungwa, Muheza hadi Horohoro)

Mama wa Makorora ameuliza:

Assalaam alaykum, na habari za kutwa ndugu zangu. Naomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo yangu, kwani jambo hili nimeliuliza kwa mdomo katika sehemu tatu tofauti, na kila sehemu nimeondoka na jibu nusu. Nimeona ni bora niliweke lote hapa, walisome kwa utulivu watu wenye ujuzi wa sheria, kodi na biashara.

Kwa miaka tisa nimekuwa nikikusanya machungwa kwa wakulima wa Muheza na kuyauza kwa jumla kwa wanunuzi wa Kenya, ambao huja na malori yao kupitia mpaka wa Horohoro. Nina leseni ya biashara kwa jina langu, nina namba ya mlipakodi, na nimekodi uwanja kando ya barabara ambako machungwa humwagwa chini ya mwembe, yakachambuliwa, yakahesabiwa na kupakiwa. Walioifanya kazi hii wanajua inavyokwenda: mhesabuji huchukua mawili kwa mkono mmoja na matatu kwa mkono wa pili, akayarusha ndani ya lori tano tano, na kila mia inapotimia chungwa moja huwekwa kando kwenye sinia liwe alama, ili jioni muuzaji na mnunuzi wahesabu machungwa ya sinia tu na pasiwe na ugomvi. Msimu ukikolea uwanja ule unawapa riziki watu kumi na wanne, ukiacha wachumaji walioko shambani na mama anayepika chai na mihogo.

Asubuhi moja ya msimu uliopita, lori likiwa halijajaa hata nusu, maofisa wa msako waliingia uwanjani na kuomba hati za kila mtu. Wanunuzi wanne walichukuliwa. Ninasema ukweli wote: mmoja wao pasi yake ilikuwa imekwisha muda siku nne kabla, na hilo siwezi kulitetea. Watatu waliobaki walikuwa na hati zilizo hai, na baada ya siku mbili waliachiwa, lakini siku hiyohiyo walivuka mpaka na hadi leo hawajarudi. Simu zangu wanapokea, wananijulia hali ya watoto, kisha wananiambia kwa upole kwamba mwaka huu watanunua kwingine.

Machungwa 18,000 yalibaki mikononi mwangu. Nilifanikiwa kuuza kama 5,000 katika masoko ya hapa Tanga kwa bei ya hasara, na yaliyosalia yalioza. Sinia la alama lilikuwa na machungwa 61 lori liliposimama, na lilikaa palepale chini ya mwembe mpaka yakaota ukungu, kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuliondoa. Wakulima sita wananidai, nina mkopo wa benki wenye marejesho manane yaliyobaki, na kodi ya uwanja haisubiri.

Maswali yangu ni haya. Je, katika nchi yetu ya Tanzania upo utaratibu wowote wa serikali wa kumsaidia raia ambaye biashara yake imeharibika kwa sababu ya zoezi la uhamiaji, ingawa yeye mwenyewe hakushtakiwa kwa kosa lolote? Je, ni kweli, kama nilivyosikia redioni, kwamba huko Marekani serikali zimewapa fedha wafanyabiashara waliopatwa na mambo ya namna hii? Na je, kwa kuwapokea wanunuzi wale uwanjani kwangu, mimi mwenyewe nimevunja sheria? Swali hili la mwisho ndilo linaloninyima usingizi.

Mhasibu wa Chumbageni amejibu:

Wa alaykum salaam, dada yangu, na pole sana kwa hasara hiyo. Nitajibu yale ninayoyafanyia kazi kila siku, yaani kodi na mikopo, na suala la sheria niwaachie wengine.

Kwa swali la kwanza, nisikupe matumaini ya uongo. Katika miaka yote ya kuwatengenezea hesabu wafanyabiashara wa mkoa huu sijakutana na mfuko uliotengwa kwa ajili ya mtu aliyepata hasara kutokana na ukaguzi wa uhamiaji. Hata hivyo, kukosekana kwa mfuko hakumaanishi kwamba huna pa kushika, kwa kuwa ipo milango ambayo haikujengwa kwa ajili ya tatizo lako lakini unaweza kuipita.

Mlango wa kwanza ni kodi yenyewe. Makadirio ya kodi yako ya mwaka yalifanywa kwa kuangalia mauzo ambayo sasa hayapo, na Sheria ya Kodi ya Mapato inampa mlipakodi nafasi ya kurekebisha makadirio yake kabla mwaka haujaisha iwapo hali imebadilika. Nenda kabla ya awamu inayofuata, usingoje mpaka deni liwe limeshaanza kuzaa riba. Utakapofika kule utaulizwa kumbukumbu, na hapa ndipo wengi wetu tunapoumia. Chukua mfano wa mfanyabiashara mdogo kabisa, mwenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka: asiye na kumbukumbu hutozwa shilingi 100,000, wakati mwenye kumbukumbu kamili hutozwa asilimia 3 ya kile tu kilichozidi milioni 4. Mwenye mauzo ya milioni 5 na daftari zuri, kwa hiyo, analipa 30,000 pale ambapo jirani yake asiye na daftari analipa 100,000. Najua mauzo yako yako juu ya daraja hilo, lakini nimelitaja uone kwamba daftari ni fedha.

Wewe unacho kitu ambacho wauzaji wengi wa nguo au vyombo hawana. Kila lori lililotoka uwanjani kwako lililipiwa ushuru wa mazao, na stakabadhi ya ushuru ikatoka kwenye mashine ya halmashauri ikiwa na tarehe na kiasi. Zikusanye za miaka mitatu, uzipange kwa miezi, na utakuwa umeonyesha bila maneno mengi jinsi mzigo ulivyokuwa ukipita kabla ya siku ile na jinsi ulivyokatika baada yake. Kama zako zimepotea, waombe madereva na wakulima nakala zao.

Mlango wa pili ni benki. Mkopo ukikaa zaidi ya siku 90 bila marejesho huingia katika kundi la mikopo chechefu, na kuanzia hapo hata meneja mwenye huruma anakuwa amefungwa mikono. Andika barua sasa, ukiwa bado ndani ya muda, uombe mkopo upangwe upya: muda uongezwe, rejesho lipungue, au upewe miezi ya kulipa riba peke yake. Hili si jambo geni. Mwezi Mei 2020, wakati wa janga la korona, Benki Kuu yenyewe iliruhusu mabenki kupanga upya mikopo ya wakopaji walioathirika na ikashusha kiwango cha amana ambacho mabenki hulazimika kuweka kwake kutoka asilimia 7 hadi 6. Tofauti ni kwamba safari hiyo hatua ilikuwa ya nchi nzima, na wewe itakubidi ujieleze peke yako.

Mtanga wa Los Angeles amejibu:

Salaam kwenu nyote. Nimezaliwa Raskazone na ninaishi Los Angeles kwa mwaka wa kumi na moja sasa, kwa hiyo swali la pili la mama yetu naweza kulijibu kwa yale yaliyotokea mbele ya macho yetu.

Ni kweli, ila inategemea unamaanisha serikali ipi. Hapa masuala ya uhamiaji yako chini ya serikali kuu ya shirikisho, na misako mikubwa ilianza tarehe 6 Juni 2025, ikiwemo katika eneo la maduka na viwanda vya nguo karibu na katikati ya jiji. Yalifuata maandamano, wakaletwa askari, na kuanzia tarehe 10 hadi 17 Juni meya Karen Bass aliweka amri ya kutotoka nje usiku katika sehemu ya katikati ya jiji. Mitaa yenye wahamiaji wengi, kama Boyle Heights, ilinyamaza. Wafanyakazi hawakuja, wateja hawakuja, na hata raia mwenye hati zake zote aliona ni afadhali abaki nyumbani kuliko kusimamishwa njiani. Mwenye mgahawa aliyezaliwa hapahapa alipata hasara ileile aliyoipata asiye na hati, na ndiyo maana nilipoyasoma maelezo ya mama yetu kuhusu wanunuzi watatu wenye pasi halali nikaona ni kisa kilekile.

Fedha za msaada zilitoka ngazi ya chini. Kaunti ya Los Angeles ilianzisha mfuko kwa ajili ya biashara ndogo zilizoathiriwa na misako na amri ile ya usiku, ukitoa ruzuku za kati ya dola 2,000 na 5,000, na mwombaji alitakiwa kuonyesha jinsi mapato yake yalivyoathirika. Tarehe 14 Oktoba 2025 Bodi ya Wasimamizi ya kaunti hiyo ilipiga kura, 4 kwa 1, kutangaza hali ya dharura kutokana na misako, ili iwe na nguvu ya kisheria ya kuwasaidia walioathirika, wakiwemo wapangaji walioshindwa kodi ya nyumba. Baadaye misako ilipohamia Minnesota, gavana Tim Walz alipendekeza, mwezi Februari 2026, dola milioni 10 za mikopo ya dharura kwa biashara ndogo, mikopo ambayo inaweza kusamehewa.

Naomba mama asidhani kwamba watu walitajirika. Dola 5,000 kwa mwenye mgahawa hapa pengine hazifiki kodi ya pango ya miezi miwili. Kilichowapa watu moyo ni kwamba serikali iliyo karibu nao ilikiri hadharani kuwa hasara ilitokea na kwamba waliopata hasara si wahalifu.

Mzee wa Pongwe amejibu:

Nimekuwa afisa biashara katika halmashauri mbalimbali kwa miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu, na katika jambo hili nina msimamo ambao huenda usiwapendeze wote.

Mwanangu, tuanze na usingizi wako. Mwezi Julai 2025 waziri wa viwanda na biashara wa wakati huo, Selemani Jafo, alitoa amri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Miongoni mwake yamo mambo matatu yanayokuhusu: kununua mazao shambani, udalali, na uwakala wa forodha. Asiye raia akikutwa na hatia anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo, na kibali chake kinaweza kufutwa. Raia anayemsaidia anakabiliwa na faini ya milioni 5 au kifungo kisichozidi miezi 3. Soma maneno vizuri: kununua mazao shambani. Kama wanunuzi wako walikuwa wakiingia wenyewe kwa wakulima, wakipanga bei chini ya mti, na wewe ukiwaongoza na kuwakodishia wachumaji, basi ulikuwa umesimama pabaya. Lakini kama wewe uliyanunua machungwa kwa mkulima, yakawa mali yako, kisha ukayauza uwanjani kwako ukiwa na leseni yako, hapo mnunuzi si mnunuzi wa shambani tena, ni mteja wako. Kwa maelezo uliyotoa naona uko upande huu wa pili. Tatizo ni kuwa pasipo karatasi, ofisa aliyesimama uwanjani hawezi kuzitofautisha hali hizi mbili, kwani zote zinaonekana ni lori lenye namba za Kenya na machungwa yakirushwa ndani.

Sasa kuhusu fidia. Mimi siamini kwamba serikali inapaswa kumlipa kila mtu aliyeguswa na utekelezaji wa sheria. Amri hii haikuanguka kutoka mbinguni. Wafanyabiashara wadogo wa Kariakoo walilalamika kwa muda mrefu kwamba wageni wanafanya hata umachinga, na mapema mwaka 2025 iliundwa kamati ya kulichunguza jambo hilo. Amri inamlinda mtu kama wewe, kwa kuwa imesema udalali na ununuzi wa shambani ni kazi yako na si ya mgeni. Huwezi kupewa ulinzi huo kisha ukataka ulipwe kwa sababu ulinzi umetekelezwa.

Hata hivyo, kuhusu wale watatu wenye hati hai nakubaliana nawe. Kama unaamini walishikiliwa isivyo halali na kwamba hasara yako imetokana na hilo, Sheria ya Mashauri ya Serikali inataka utoe kwanza notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri, na utahitaji wakili. Kusema kweli sioni shauri hilo likiwa jepesi, kwa sababu waliokamatwa ni wao na aliyepata hasara ni wewe, na gharama zake zinaweza kuyapita machungwa yenyewe. Njia isiyo na gharama ni malalamiko kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, inayopokea pia malalamiko dhidi ya mwenendo wa watumishi wa umma. Na njia ninayoipenda zaidi ni Baraza la Biashara la Wilaya. Mabaraza haya yapo kwa ajili ya kuikutanisha serikali na wafanyabiashara, mkuu wa wilaya ndiye mwenyekiti, na nimeyaona yakimaliza mambo ambayo barua kumi hazikuyamaliza. Usiende peke yako. Mtu mmoja anasikilizwa kama mlalamikaji, lakini watu ishirini wenye stakabadhi wanasikilizwa kama sekta.

Mkulima wa Muheza amejibu:

Shikamoo mzee wa Pongwe. Nimekusoma kwa heshima, lakini umezungumza juu ya mgeni na juu ya dalali, na mtu wa tatu hukumwona. Mimi ni huyo wa tatu. Nina miti 240 ya machungwa aina ya Valencia niliyorithi kwa marehemu baba.

Chungwa halina ghala. Mwenye mahindi akikosa mnunuzi leo anaweka dawa na kusubiri, na mwenye mkonge anaukausha. Mimi chungwa likiiva lina wiki chache tu juu ya mti, kisha linaanza kudondoka, na ukipita shambani asubuhi unasikia harufu yake tamu iliyochachuka kabla hujaona lolote. Habari za msako mmoja zilipoenea, wanunuzi waliyakimbia mashamba ya kata yetu yote, hata yale ambayo hayakufikiwa na ofisa yeyote. Wachache waliobaki walikuwa raia wenzetu wenye malori, nao walijua hatuna njia. Bei waliyotoa ilikuwa chini ya nusu ya ile ya mwaka uliotangulia, tukaikubali. Kwa hiyo mzee wangu, sheria inaweza kumlinda raia dhidi ya mgeni, na siku hiyohiyo ikamwacha raia mwingine mkononi mwa raia mwenzake.

Sitaki ruzuku ya dola. Ninachotaka ni kitu kimoja: halmashauri itenge kituo cha kukusanyia machungwa, chenye paa, mizani na choo, ambako mgeni mwenye pasi halali anajua kwamba akisimama pale kununua, yuko mahali panaporuhusiwa. Shambani asije, sawa, tumeelewa. Basi aambiwe aje wapi. Sisi wa huku tuna ndugu pande zote mbili za mpaka. Mdigo wa Horohoro na Mdigo wa Lunga Lunga wanazikana na kuozana tangu kabla ya huo mpaka. Biashara hii haitakufa, itahamia vichochoroni tu, usiku, bila stakabadhi, na huko ndiko mkulima anakopunjwa vibaya zaidi.

Liko na jambo jingine ambalo viongozi wetu wanapaswa kulitazama. Ushuru wa mazao ni mapato ya halmashauri. Mikopo isiyo na riba ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ile asilimia 10, inatoka katika mapato hayohayo ya ndani. Malori yasipopita, ushuru haukusanywi, na mfuko ambao mama huyu angeambiwa akaukope nao unapungua maji.

Mzee wa Pongwe amejibu:

Marahaba, mwanangu. Hoja ya kituo nimeikubali bila masharti, na ningefurahi ingeandikwa hivyohivyo ulivyoiandika.

Mhasibu wa Chumbageni amejibu:

Naongeza mambo mawili kutokana na aliyoyasema mkulima.

Mikopo ya asilimia 10 imegawanywa katika mafungu: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejea mwaka 2024. Wanawake na vijana huikopa kwa kikundi kilichosajiliwa, kwa hiyo dada yangu, angalia kama wale wachambuzi na wahesabuji wako wa kike wanaweza kuunda kikundi pamoja nawe. Kikundi chenye uwanja, wakulima wanaojulikana na stakabadhi za miaka mitatu ni kikundi chenye andiko la mradi tayari.

La pili ni kugeuza mwendo wa biashara yenyewe. Badala ya mnunuzi kuja Muheza, mzigo umfuate yeye. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama, ambazo thamani ya mzigo haizidi dola 2,000, huvushwa kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani. Machungwa ya lori moja kwa bei ya shambani mara nyingi yapo ndani ya kiwango hicho. Utalipia usafiri wewe, na hiyo ni gharama mpya, lakini mteja wako hatalazimika tena kusimama chini ya mwembe akiwa na wasiwasi. Kabla ya kupakia, zungumza na watu wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kuhusu cheti cha usafi wa mimea, kwa sababu mzigo ukikataliwa ukiwa mpakani utalazimika kuushusha juani.

Mama wa Makorora amejibu:

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilikuwa nikiyafanya mliyonielekeza. Mwenyezi Mungu awalipe kila la kheri.

Stakabadhi nilizipata 112, nyingine zikiwa zimefifia kiasi kwamba ilibidi nizisome kwa tochi ya simu. Binti yangu amezipanga kwa miezi katika daftari la kurasa kubwa. Kabla ya siku ile nilikuwa nikitoa malori saba hadi tisa kwa mwezi wa msimu, na mwezi uliofuata ni moja. Nilipouona mstari ule mmoja peke yake kwenye ukurasa, nilielewa kwa nini maneno yangu ya mdomo hayakuwa yakimshika mtu.

Benki imekubali kuniongezea miezi sita na kupunguza rejesho. Meneja aliniambia kwamba ningekuja mwezi mmoja baadaye asingeweza. Kodi nimeshapeleka maombi ya kurekebisha makadirio, na ninasubiri.

Mzee wa Pongwe, wanunuzi wangu hawakuwa wakiingia shambani. Machungwa nilikuwa nikiyanunua mimi, ila karatasi sikuwa nazo. Sasa nimechapisha kitabu cha hati za mauzo chenye nakala tatu: moja ya mkulima, moja yangu, moja inakwenda na dereva. Kila hati ina idadi, bei, tarehe na sahihi, na kwa wasiojua kuandika, alama ya kidole.

Barua ya Baraza la Biashara la Wilaya tumeiandika watu ishirini na watatu, wakulima kumi na tano na wakusanyaji wanane. Tumeomba mambo matatu tu: kituo cha kukusanyia kama alivyoeleza ndugu yetu mkulima, maelekezo ya maandishi yatakayobandikwa kwenye kituo hicho kueleza mnunuzi wa kigeni anaruhusiwa nini na anakatazwa nini, na kwamba ukaguzi unapofanyika, mwenye hati hai ahakikiwe palepale ili mzigo usioze. Fidia hatukuiomba. Baadhi ya wenzangu walitaka tuiombe, tukajadiliana mpaka usiku, na tukaona tuombe kwanza kile kitakachotuokoa msimu ujao. Barua imepokelewa na kugongwa muhuri, jibu bado.

Mmoja kati ya wale wanunuzi watatu amekubali kusubiri mzigo upande wa Lunga Lunga. Tutaanza na machungwa 12,000, na mkaguzi wa mimea ameahidi kuja uwanjani Jumanne kabla hatujapakia. Swali langu lililobaki ni dogo: cheti cha uasili nitakiomba mimi mwenyewe pale Horohoro, au ni lazima nipitie kwa wakala wa forodha?

Mhasibu wa Chumbageni amejibu:

Kwa mzigo ulio chini ya dola 2,000 na bidhaa iliyo katika orodha ya utaratibu rahisi, unaomba mwenyewe kwa maofisa wa forodha mpakani, bila wakala. Beba hati zako za mauzo ili thamani ya mzigo isiwe ya kukisiwa, na fika mapema, kwa sababu malori makubwa yakishapanga foleni utapoteza nusu ya siku.